Ajenti alitaka tuione Iskandaria kwa masaa sita

Ajenti wangu wa safari nampa nyota tatu kati ya tano. Ningempa mbili, lakini viza zilitoka zote tatu bila kurudishwa hata karatasi moja, na kwa pasipoti zetu hizi hilo si jambo dogo, kwa hivo haki yake nampa.

Ofisi yenyewe siitaji jina, iko hapa hapa kisiwani Mombasa, na wala si watu wabaya, yule kaka wa pale ni mcheshi na ukiingia unapewa maji baridi kabla hujasema shida yako. Tatizo lake ni moja tu na ndo lililonileta hapa: anauza mji asioujua.

Kisa chenyewe ni hivi. Mamangu ana miaka 69 na tangu nina akili zangu namsikia akisoma Burda, ile kasida ya Busiri ya kumsifu Mtume, usiku wa kuamkia Ijumaa, kwa kichwa, bila kitabu, huku anachambua mchele. Mwaka jana siku moja amekaa tu barazani akaniuliza, "Hivi huyu Busiri kazikwa wapi?" Nkatizama kwenye simu nkamwambia Iskandaria, Misri, ile wazungu wanaita Alexandria. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Nipeleke." Hivo tu, kama ananituma unga dukani.

Bas nkaenda kwa ajenti. Tulikua watu watatu, mie, Mama na mdogo wangu wa kiume ambae anafanya kazi bandarini na alikua na likizo ya wiki moja tu, kwa hivo safari ni fupi, hilo nilimwambia mapema. Akanitolea ratiba yake aliyoichapisha zamani, inaonekana kila anaetaja Misri anapewa hiyo hiyo: Kairo siku zote, mapiramidi, makumbusho, chakula cha usiku kwenye boti mtoni, alafu "Alexandria siku moja kwenda na kurudi". Nikakaa nkapiga hesabu pale pale kwenye kiti. Kairo mpaka Iskandaria ni kilomita 220 hivi, mkitoka asubuhi mnafika saa nne, saa kumi jioni mnaambiwa rudini garini. Masaa sita. Na ndani ya masaa sita wamepanga makaburi ya chini ya ardhi, nguzo, ngome, picha nje ya maktaba na samaki wa mchana. Busiri hayumo.

Nikamuuliza, na Busiri? Akaniuliza yeye, "Huyo Busiri ni sehemu ya kulipia kiingilio?"

Wallahi nilicheka mpaka nikamwonea huruma. Kijana wa Mombasa, bila shaka kasoma madrasa kama sisi sote, na hajui kwamba aliyetunga Burda na Hamziya, hizi hizi tunazosoma kwenye maulidi, hiyo Hamziya mpaka ina tafsiri ya Kiswahili cha kale, kalala Iskandaria. Nikamwambia kaka yangu, Ibn Battuta, yule msafiri wa zamani, alipita kwetu mwaka 1331 akalala Mombasa usiku mmoja na mpaka leo twatembea naye mdomoni, alituona tunaosha miguu kabla ya kuingia msikitini na tunakula ndizi na samaki, sasa wewe wataka Mama aende mpaka huko asilale hata huo usiku mmoja? Akasema atabadilisha. Akabadilisha, usiku mmoja Kairo, minne Iskandaria, na akatutoza dola 40 kila mtu za "mabadiliko". Nimezilipa kwa uchungu.

Yale mazuri sasa. Makaratasi anayajua. Barua ya kazi, taarifa ya benki, vocha ya hoteli, picha, yote alitupangia kwa faili, kila mtu na lake, na akatukumbusha kadi ya njano ya chanjo ambayo mie nilikua nimeisahau kabisa na Misri wanaidai kwa mtu atokae Kenya. Hapo sina la kumlaumu. Kama unachotaka ni viza na tiketi tu, nenda.

Ila hata kwenye tiketi kuna kitu hakuniambia. Alitupitisha Nairobi, yaani treni ya SGR kutoka Miritini, alafu kukaa uwanja wa ndege mpaka usiku, alafu EgyptAir masaa kama matano. Mama ana magoti. Baadae ndo nkajua kuna Ethiopian wanaotoka hapa hapa uwanja wetu wa Moi, mnabadilisha ndege Addis mnaendelea Kairo, hakuna kupanda na kushuka treni na masanduku. Labda bei ingekua juu, sikatai, lakini si uniambie nichague mwenyewe?

Kairo tumelala tukaamka. Piramidi tumeziona, ni kubwa, ngamia wanasumbua. Tuendelee.

Kutoka Kairo tulipanda treni stesheni ya Ramses, masaa mawili na nusu hivi, viti vizuri, mashamba ya kijani njia nzima. Sasa sikilizeni hili manake litawasaidia: Iskandaria ina stesheni mbili ambazo treni inasimama. Ya kwanza ni Sidi Gaber, ya mwisho ni Mahattat Misr, na hii ya mwisho ndo iko katikati ya mji mkongwe. Vocha ya ajenti iliandikwa "Alexandria Station" na hakuna kingine, dereva akawa anatungoja Sidi Gaber na sisi tumeshuka Misr, tumesimama na masanduku saa nzima kwenye baridi, Mama amejifunga leso mbili juu ya buibui na sweta la mdogo wangu juu yake, anauliza watu kwa Kiarabu cha Qur'ani "aina as-sayyara", yaani gari iko wapi, na wao wanacheka kwa mapenzi, wanamwita hagga, yaani hajjati, mmoja akamletea kiti na mwengine chai.

Na baridi ile! Ilikua Januari. Mie nilidhani Misri ni joto kwa sababu kwenye picha ni mchanga mtupu, ajenti nae hakusema kitu. Iskandaria iko juu ya bahari ya Kati na kipupwe wana dhoruba zao wanaziita nawwa, na kila moja ina jina na majira yake, kama sisi tulivyo na kaskazi na kusi, mathalan ya Novemba wanaiita Maknasa, yaani ya fagio, kwa kuwa inafagia kila kitu. Siku ya pili ikatukuta moja, mawimbi yanaruka ukuta wa Kornish, ile barabara ya kando ya bahari, yanamwagika barabarani, mvua ya ubavuni, tukashinda ndani tunakunywa kahawa. Sasa fikiria ile ratiba yake ya masaa sita ingeangukia siku hiyo. Mungekua mumekwenda Iskandaria kuangalia vioo vya gari. Mie nikirudi tena ni Oktoba, bahari bado ina vuguvugu na wale wa Kairo wanaojaa wakati wa joto washaondoka.

Hoteli. Hapa ndo nyota zilipoangukia. Alituweka mwisho kabisa wa mji upande wa Montaza, vocha inasema "mandhari ya bahari" na ni kweli bahari unaiona, ukisimama kwenye kiti cha chooni. Iskandaria ni mji mwembamba mrefu, umelala ubavuni mwa bahari kama mtu kwenye mkeka, kutoka Montaza mpaka ngome ya Qaitbay ni karibu urefu wa mji mzima. Kwa mtu wa Mombasa nimueleze hivi: umekuja kutembea Mji wa Kale na Fort Jesus, ajenti wako anakulaza Mtwapa. Tukalala usiku mmoja, asubuhi mdogo wangu akaenda akatafuta pensheni, yaani nyumba ndogo ya wageni, karibu na Mahattat ar-Raml, jengo la zamani lenye dari juu kabisa na lifti ya chuma kama tundu la kuku, Mama alikataa kuipanda siku ya kwanza, siku ya pili magoti yakamshauri. Vyumba si vya kifahari, maji ya moto yanakuja yakitaka, lakini ukifungua dirisha unaona bandari ya mashariki yote, duara zima, na ngome kwenye ncha. Wenye kupanga safari jamani, laleni Raml au Mansheya, hapo kila kitu ni miguu au mashruu.

Mashruu ni matatu yao. Zinakwenda Kornish juu na chini mchana kutwa, nauli ni pesa kidogo sana, unaashiria kwa kidole upande unaokwenda, na ukitaka kushuka unasema "ala gamb ya osta", ndo ile "shukisha" yetu. Makondakta sikuwaona, pesa inapitishwa mkono kwa mkono mpaka kwa dereva na chenji inarudi hivo hivo, na haipotei! Ajenti alikua ametukodia gari na dereva kwa siku zote nne. Siku ya kwanza tulimtumia, kila tukisimama anaangalia saa, yule bwana nae alikua na ratiba ile ile ya masaa sita kichwani. Siku ya pili tukamwambia apumzike tu nyumbani kwake.

Ngome ya Qaitbay tulikwenda kwa miguu, mie na mdogo wangu, kutoka Raml unazunguka Kornish polepole, wavuvi wamekaa ukutani na mishipi mirefu, wapenzi wamegeukia bahari wanajifanya hawakuoni. Ngome ilijengwa na Sultani Qaitbay kuanzia 1477, yaani kabla ya Mreno kuanza Fort Jesus mwaka 1593 ilikua ishasimama zaidi ya miaka 100. Na imesimama pale pale ulipokua mnara wa taa wa Pharos, ule wa maajabu saba, uliokua na urefu wa zaidi ya mita 100 na ulianguka kwa mitetemeko, si siku moja, kidogo kidogo. Ibn Battuta huyu huyu wetu alipita 1326 akakuta upande mmoja umebomoka, akarudi 1349 akakuta hata mlango haufikiki. Mwaka 1994 wapiga mbizi wakayaona mawe yake chini ya maji, mengine makubwa kama magari. Mdogo wangu akasema, "Sisi nasi tuna Laitihausi, ila yetu ni ya kula mihogo." Laitihausi ni pale kwetu Mombasa kando ya bahari. Kweli bwana, nilisimama pale juu upepo unanikata masikio nikatamani mihogo ya karai na pilipili na ndimu kuliko historia yoyote.

Mtu ambae amekulia karibu na Fort Jesus anaiangalia ngome kwa jicho jingine, nimegundua. Watalii wenzetu walikua wanapiga picha ya mbele, sisi tunaangalia tundu za mizinga zinaelekea wapi, nani alikua anaogopwa. Pale waliogopwa Waturuki. Na waliokuja kuipiga kweli ni Waingereza, 1882, kwa mizinga ya melini.

Sasa Busiri. Hii ilikua siku ya tatu, Ijumaa, jua limetoka. Msikiti mkubwa wa Abul Abbas al-Mursi uko mtaa wa Anfushi, kabla hujafika ngome, mweupe wa maziwa na mnara mrefu, jengo la sasa ni la karne iliyopita na aliyelichora ni Muitaliano, lakini mwenyewe sheikh alikufa 1287, mtu wa Andalusia, wa twarika ya Shadhili. Busiri alikua mwanafunzi wake, na wanaangaliana mpaka leo, mwalimu upande huu, mwanafunzi upande wa pili wa uwanja. Msikiti wa Busiri ni mdogo, ukiwa na haraka unaupita. Dereva wetu siku ya kwanza aliupita, nilimuona nikanyamaza.

Ndani ukutani juu wameandika beti za Burda, khati nzuri ya kuzunguka. Mama aliingia, akavua viatu, akatizama juu, akaanza kusoma zile za ukutani, alafu macho akayateremsha na mdomo ukaendelea, kwa sababu hakuhitaji ukuta. Kuna bibi mmoja wa pale alikua amekaa kwenye kona na mkoba wa mboga, akamsikia, akaja akakaa karibu nae, akaunga. Hawajuani, hawaelewani hata lugha ya kuombana maji, na wakaenda nayo pamoja mpaka mwisho, Mama kwa lahani yetu ya huku na yule kwa ya kwao, pale zinapopishana wanacheka kidogo wanangojana. Sijui tulikaa muda gani. Tulipotoka yule bibi akampa Mama ndimu mbili kutoka kwenye mkoba. Mama akazileta mpaka Mombasa, ziko kwenye kabati ya vyombo zimekauka, haruhusu mtu aziguse.

Kisa cha Burda mnakijua, kwamba mzee alipooza nusu mwili, akatunga, akamuota Mtume kamfunika joho, akaamka mzima. Mama magoti hayakupona, lakini siku hiyo ngazi za pensheni alipanda kwa miguu, lifti akaiacha.

Baada ya swala tulikula samaki hapo hapo Anfushi. Hamna menyu, samaki wamelazwa kwenye barafu, unachagua, wanapima kilo, unasema wapikwe vipi. Mama ndo aliongoza. Akinyoosha kidole anasema "samaki", muuzaji anasikia samak, mambo yanakwenda. Mkizi wao wanamwita buri. Tulichukua mmoja wa kuchoma na pumba, ngozi inaungua yote unaibandua, ndani nyama nyeupe laini, na mwengine wa singari, kapasuliwa kalazwa wazi juu ya nyanya na pilipili akaingia tanurini. Na wali wa sayadiya, ule wa rangi ya kahawia wa vitunguu vilivyokaangwa sana. Mama akala vizuri, akafuta mikono, akasema, "Wapishi. Ila hawana nazi." Hukumu imetoka. Nyongeza yangu mie, asubuhi ful, yaani maharage yao, na taamiya za moto, bajia zao, na mikate, ukizoea mbaazi na mahamri hutolia njaa, na ile maini ya Kiiskandarani yenye pilipili mtafute mtaani usiku, siyo hotelini.

Makaburi ya Kom ash-Shuqafa nayo msiyaache. Mwaka 1900 punda alitumbukia kwenye shimo ndo yakajulikana. Unateremka ngazi za kuzunguka, chini kabisa unakuta Anubis, yule mungu wao mwenye kichwa cha mbwa, kavishwa nguo za askari wa Kirumi, mji huu ulikua mchanganyiko hata kwenye kufa. Jina lenyewe ni kilima cha vigae, kwa kuwa jamaa walikuja kula karamu makaburini na hawakutaka kurudi na vyombo nyumbani, wanavunja. Kwetu hitma ikiisha watu wanagombea masinia. Mama alibaki juu, msipeleke mwenye magoti. Nguzo ya Pompei iko karibu na hapo, mita kama 27, jiwe jekundu la Aswan, na Pompei mwenyewe hahusiki nayo, ilisimamishwa kwa heshima ya mfalme Diocletian, robo saa inatosha.

Maktaba mpya, ile ya mwaka 2002, mdogo wangu aliipenda kuliko vyote. Kwa nje ni kama ungo mkubwa umeinamishwa kuelekea bahari, na ukuta wa nyuma umechongwa herufi za maandishi ya dunia nzima, aina 120. Ndani ukumbi wa kusomea unashuka kwa matabaka 11, viti vya watu 2,000, na watoto wa chuo wamelala juu ya vitabu kama kwengine kote. Angalieni masaa kabla ya kwenda, Misri wikendi yao ni Ijumaa na Jumamosi. Makumbusho ya Kigiriki na Kirumi tulipita haraka, yamefunguliwa tena 2023 baada ya kufungwa miaka mingi, yamepangwa vizuri sana na ni siku nzima kwa mwenye kuyapenda, sisi tulikua tushachoka miguu.

Kwa hivo ajenti: viza na tiketi, nenda kwake, lakini uliza na njia ya Addis. Hoteli itafute mwenyewe. Gari usichukue. Ratiba yake iache mezani pale pale.

Nilimdai zile siku za hoteli ya Montaza ambazo hatukulala na gari ambalo hatukupanda. Hakukataa, alikua mpole kweli, akanipa maji baridi akasema njoo Jumatatu. Hii inayokuja ni Jumatatu ya nne.